Lodwar hadi Mandera, Kufumba na Kufumbua

Ukipanda ndege Lodwar asubuhi, unashuka Mandera kabla chai uliyoiacha mezani haijapoa. Safari haili saa, inakula umri wa abiria. Kwa njia yetu, abiria hushuka amezeeka miaka ishirini na mitano.

Kwa basi ningechelewa. Mdogo wangu Abdinoor alikuwa amepiga simu akisema mama hafiki jioni, na anakataa maji. Nyumbani kwetu, anayekata roho hunyweshwa na mwanawe, na mama alisema atayapokea mkononi mwangu tu. Nikapanda.

Abdinoor alinipokea uwanjani. Aliziona mvi zilizochomoza kwenye mtandio wangu, akanishika mkono kama anavyoshikwa bibi kizee.

"Twende, dada," alisema, na hakunitazama tena.

Nyumbani nilichovya pamba kwenye kikombe cha maji, nikapiga magoti kando ya kitanda. Mama alifumbua macho akatabasamu.

"Dada Ebla," aliniita kwa jina la dada yake, tuliyemzika zamani. "Umekuja kunichukua?"

"Mama, ni mimi. Ni Dekha."

"Dekha wangu bado msichana." Pamba ilipomgusa alifumba midomo, kisha akasema, "Hayo mwachie mwenyewe. Yuko wapi?"

Abdinoor aligeukia ukuta. Nilimfuta mama jasho kwa mkono wangu uliojaa mishipa.

"Yuko njiani," nikasema.

"Mwambie asipande ndege," alisema mama. "Nitamsubiri."