Saa ya Wanafunzi

Walikuwa wameishika wote wawili. Dagrún alishika mkanda, mzee alishika kioo, na dukani hapakuwa na nyingine kama hiyo.

"Nilitangulia, binti."

"Macho yangu yalitangulia mkono wako, mzee."

Bergur, mwenye duka, alijifanya anafuta meza. Selfoss ni mji mdogo wa Iceland. Ugomvi wa saa ungempa hadithi ya wiki nzima.

Haikuwa hata saa nzuri. Uso mweusi, tarakimu nyeupe kubwa kama za kalenda ya ukutani, na pete ya kuzungusha ambayo mtu aliyevaa glavu nene angeiweza. Lakini huko juu, ndege ndogo inaporuka-ruka kama mkokoteni kwenye mawe, rubani hutupa jicho mara moja tu akajua mafuta yamebaki ya dakika ngapi. Dagrún alitoka kaskazini kwa ajili ya mtihani wa urubani wa kesho yake, na saa yake ya zamani ilikata roho njiani.

"Kesho nina mtihani," alisema. "Niachie."

"Mtihani!" Mzee alicheka kwa pua. Alikuwa mrefu, sweta la sufu limempanda hadi kidevuni, ndevu zimechanwa. "Basi nikufundishe bure. Rubani hanunui urembo. Tarakimu zisomeke, mshale wa sekunde uonekane. Siku mitambo ikikuzimikia, kidude hiki ndicho kitakachokurudisha nyumbani. Umesikia?"

"Nimesikia." Dagrún akauachia mkanda ghafla, akatabasamu. "Haya, ichukue. Wanafunzi wote huvaa hiyo hiyo siku ya mtihani. Ukionekana nayo tu, uwanja mzima unajua: huyu bado anajifunza."

Mkono wa mzee ukalegea.

"Marubani wakongwe wao huvaa kama ile." Akaonyesha saa ya rangi ya dhahabu, pana kama kisosi, yenye visaa vitatu tumboni na mshale mwekundu wa ziada. "Ule mwekundu ni wa saa za Greenwich. Marubani wa dunia nzima wanazifuata."

Bergur alikohoa. Iceland yote, kiangazi na baridi, hufuata saa hizo hizo za Greenwich; mshale ule haukuwa na kazi.

Masikio ya mzee yalikuwa yamewiva. "Hata mimi niliiona ile tangu naingia," alisema. Akailipia, akaivaa, akatoka kifua mbele.

Mlango haujajifunga, ile nyeusi ilikuwa tayari mkononi mwa Dagrún.

"We mwanamke una dhambi," Bergur alisema.

"Nina mtihani."

Asubuhi upepo ulikuwa umelala. Dagrún alisukuma mlango wa chumba cha marubani pale uwanjani, na kabla hajavua kofia akaona mng'ao wa dhahabu nyuma ya meza. Mzee yule yule, peke yake, na ramani imetandazwa mbele yake.

"Binti wa jana!" mzee alisema. "Njoo. Kaa hapa."

Dagrún hakukaa.

"Mimi Ketill." Alimsogezea sahani ya maandazi ya kusokotwa, sahani ikagongana na kikombe. "Sijasikia raha tangu jana. Nimestaafu, nina wajukuu, halafu nakwenda kumtambia mwanafunzi mwenzangu! Sasa sikiliza. Mimi ndiye ninayeanza. Nikishuka salama nakuazima saa yangu, usiende mikono mitupu mbele ya huyo mtahini. Wanasema hana huruma hata chembe. Wewe umeshamwona?"

Dagrún aliuingiza mkono wa kushoto, wenye ile saa nyeusi, mfukoni taratibu.

"Ndiye mimi, mzee Ketill," alisema. "Twende kwenye ndege."