Nguchiro Aenda Kuiba Siri ya Jirani

Enzi zile wanyama wakichapa vitabu vyao wenyewe, Nguchiro na Bi Nungunungu waliuza mchezo wa aina moja. Wachezaji hukaa mezani, hurusha dadu, na kila mmoja hujifanya shujaa mwenye nguvu za ajabu anazozichagua katika kitabu cha mchezo. Nguchiro hakuvumilia kupitwa. Jirani akitoa kitabu chenye nguvu kumi, yeye hutoa chenye ishirini, mpaka chake kikafika mia tatu. Hata hivyo wateja walikwenda kwa Bi Nungunungu.

Siku moja akajipenyeza dukani kwake ili aibe siri. Akawakuta Pimbi watatu mezani.

"Afadhali umekuja, kaka," alisema Pimbi mkubwa. "Tumepungukiwa na mtu mmoja. Keti."

Nguchiro akaketi ili asishukiwe. Akachagua kuwa shujaa anayeruka. Mchezoni dadu ikamwangusha mtoni, Pimbi wakamwokoa, naye akacheka hadi machozi yakamtoka. Saa zikapita bila yeye kukumbuka kilichomleta.

Aliposimama kuondoka, Bi Nungunungu alikuwa mlangoni. Hakumfokea.

"Karibu tena, jirani," alisema. "Na mchezo wako, huwa unaucheza na nani?"

Nguchiro akainamisha kichwa. "Sijawahi kuucheza, dada yangu."

"Basi kesho njoo nao."

Kesho yake akaja nao. Walihangaika na kanuni za zile nguvu mia tatu asubuhi nzima, na wa kwanza kusema amechoka alikuwa Nguchiro mwenyewe.