Ufunguo Uliolala kwa Mwalimu

Mwalimu Valeria aliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na umande ukamlowesha vidole. Hakuna aliyeliwasha gari hilo usiku.

Na nani angeliwasha? Jana jioni mzee muuzaji mwenyewe alimpa ufunguo. "Kalale nao, Mwalimu. Usije ukasema niliipasha moto kabla hujafika." Gari la zamani likiwa na joto huwaka bila shida. Ukweli wake hujulikana alfajiri ya Sumbawanga, mwezi wa sita.

Miaka minne alikuwa akienda Mpui kwa bodaboda kufundisha, mpaka kifua kikaanza kumbana. Daktari alimwambia aache pikipiki au aombe uhamisho. Na watoto wake wa darasa la kwanza ndiyo kwanza walikuwa wanaunganisha silabi.

Akaingia, akazungusha ufunguo. Gari likakohoa, likanyamaza.

"Usiikanyagie mafuta," mzee akasema kando ya mlango, blanketi mabegani. "Imezeeka kama mimi, tunaamka kwa kujivuta. Na dirisha la nyuma halipandi, nisikufiche."

Akajaribu tena. Likatoa moshi mweupe, likazima.

Mzee akainamisha kichwa. "Ukiiacha sitakulaumu, mwanangu."

Valeria akapuliza vidole vyake. Akazungusha mara ya tatu, akashikilia, hadi usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwake, na ukaendelea kutetemeka.

"Lete karatasi tuandikiane, mzee wangu," akasema bila kuuachia usukani. "Haraka kidogo. Kengele ya Mpui hainisubiri."