Kiboko cha Mheshimiwa

"Na kiboko hiki, ndugu wageni, Mheshimiwa alikuwa akichungia ng'ombe," alisema Faraji, mtembeza wageni katika nyumba ya rais wa zamani, wakiwa chumbani mwake mwa kulala.

"Ng'ombe gani, mjukuu wangu?" aliuliza Bi Sikudhani, aliyekuwa mpishi humo enzi za usichana wake. "Hapa palifugwa ng'ombe lini?"

Wageni wakacheka. Faraji naye akacheka. "Bibi, hayo ndiyo tuliyoambiwa tuseme."

Bi Sikudhani hakucheka. Aliivuka kamba ya kuzuia watu, akakitungua kiboko msumarini, akakicharaza kitanda cha marehemu kwa nguvu zake zote. Chandarua kikachanika. Akarudia, na godoro likapasuka.

"Sema ahsante!" alifoka. "Sisi tulichapwa kwa kuzidisha chumvi tu, damu ikatuchuruzika mpaka visiginoni, na kila pigo tunapiga goti, 'Ahsante, Mheshimiwa.' Haya, na wewe sema!"

Faraji alimrukia kumshika. Kiboko kikamchana shavu.

"Ahsante, bibi," ikamtoka bila kujijua, akapiga goti.

Mkono wa Bi Sikudhani ukaganda juu. Sufi ya godoro ilikuwa imetanda chumba kizima, ikitua polepole kwenye shavu la Faraji, na pale ilipotua ikageuka nyekundu.