Waya wa Kuletea Neno Moja

Siku hiyo mjinga alikuwa Mwinjuma, na hata yeye habishi. Mdogo wake, Sikitu, aliwahi kukimbiwa na mchumba siku yenyewe ya ndoa. Safari hii aliomba kitu kimoja tu: akiwa ndani ya nyumba, asikie kwa masikio yake bwana harusi akiitikia msikitini. Waya wa maikrofoni wa dukani, wenye ganda la kuzuia mvumo wa umeme, Mwinjuma aliuona ghali. Akachukua waya wa taa, akaulehemu mwenyewe sebuleni, akauvusha barabara hadi msikitini akijisifu, "Mafundi watanikoma!"

Kadhi alipoanza kuozesha, spika ya chumbani ilivuma tu. Sikitu akamshika mkono somo wake, mama aliyemfunda. Mvumo ukazidi, kisha wanaume wakaanza kutoka msikitini, na chumbani hakuna aliyejua kama ni kwa furaha au kwa aibu.

Mwinjuma akaingia akicheka. "Ameitikia, tena kwa sauti nene! Sasa unalia nini? Waya wa dukani ungetumalizia pesa ya pilau."

"Pilau ningekula hata kesho, kaka. Neno lile limetamkwa mara moja tu, na wewe umenisikilizisha nyuki."