Ngumi Iliyotangulia

Ulimi hauna mfupa, lakini zama hizo ulikuwa na ngumi. Mashabiki wakikubaliana kwamba bondia alibebwa na waamuzi, hata kama pambano ni la miaka thelathini nyuma, matokeo yaligeuka papo hapo, na mwili wake na maisha yake vikafuata.

Mwanakheri alikuwa akimpoozea uji mumewe Sekibo, bondia mstaafu. Nje barazani mashabiki walibishania pambano la Jumamosi.

"Huyu dogo hamfikii Sekibo!"

"Sekibo gani? Lile la Dodoma alibebwa!"

Wengine wakaitikia, wakicheka. Ndani, jicho la Sekibo likavimba hadi likafumbika.

Mwanakheri akatoka mbio. "Shemeji zangu, nawasihi, semeni ya Jumamosi tu."

"Tuwie radhi, shemeji," wakasema kwa adabu. Kisha mmoja akakuna kidevu. "Ila lile la Tanga, Mbaruku alipofia ulingoni mikononi mwa Sekibo. Mimi nilikuwepo. Ngumi ya Mbaruku ndiyo iliyotangulia."

"Kweli kabisa!" wakaafiki wote, kabla Mwanakheri hajawanyamazisha.

Ndani, kijiko kikaanguka. Kisha sauti nzito asiyoijua, isiyo ya Sekibo, ikamwita kwa upole:

"Mke wangu, uji umeshapoa."