Bangili za Daktari

"Fumba macho, mama. Ukisikia pamba inakugusa, sema."

Bi Nunu, mchora hina, akafumba. Juzi kijiti cha hina kilimchoma dole gumba la mguu, akaiona damu bila kusikia maumivu. Sasa, gizani mle, alizisikia bangili za daktari zikilia kila alipoinama, naye akaitika kila zilipolia.

"Ndiyo. Ndiyo, mwanangu. Hapo pia."

Daktari akasema, "Mama, ndani ya mshipa wa fahamu mna wapagazi wadogo mno, hawaonekani kwa macho. Wanabeba chakula cha mshipa kutoka uti wa mgongo mpaka vidoleni. Wakidhoofika, mizigo inakwama njiani. Njia ya miguuni ndiyo ndefu kuliko zote, kwa hiyo huko ndiko ganzi huanzia."

"Na mikono?"

"Hufuata, tusipowahi."

Bi Nunu akaificha mikono kwapani. "Miguu yangu mizima. Si nimekujibu?"

"Umezijibu bangili, mama."

Akazisikia zikivuliwa moja moja na kuwekwa kwenye sahani ya chuma.

"Haya, tuanze upya, kutoka vidoleni kwenda juu."

Kukawa kimya. Pengine hajaanza, Bi Nunu alijiambia. Alitaka kuuliza, akaogopa jibu. Jasho lilimtiririka shingoni, na hilo alilisikia lote.

Ndipo pamba ikamgusa, laini kama pumzi ya mtoto.

"Ndiyo!" alipaza sauti kwa furaha, akafumbua macho.

Mkono wa daktari ulikuwa umeshafika gotini kwake.